Utatu wa 21, si Ugonjwa wa Down

Vipeperushi vya afya vya Kiswahili huipa hali moja majina matatu. Hiki huandika “ugonjwa wa Down”, kile “mtindio wa ubongo”, na kingine “sindromu ya Down” bila neno la kufafanua. Jina la kwanza linapotosha. La pili wamekwisha kupewa watoto walioumia ubongo wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo linavuruga mambo mawili yasiyohusiana. La tatu ni neno la Kigiriki lililobandikwa kwenye jina la daktari wa Kiingereza. Jina linalofaa lipo, ni fupi, na limekuwa likikataliwa kwa hoja zisizosimama: utatu wa 21.

Haja yake inaonekana wazi Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Yalikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mama aliyetoka Bukavu au Bujumbura na mtoto wa hali hii, ikiwa aliwahi kumfikisha kwa daktari, amekuja na karatasi ya Kifaransa iliyoandikwa “trisomie 21”. Akipewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, kijitabu chake cha afya kitajazwa kwa Kiingereza: “Down syndrome”. Ana kila sababu ya kuamini kwamba mwanawe ana maradhi mawili. Mkalimani anayemwambia “Mama, ni ugonjwa wa Down” amemwongezea la tatu. Anayemwambia “Mama, ni utatu wa 21” ameifasiri karatasi ya Kifaransa neno kwa neno, na ile ya Kiingereza inahitaji sentensi moja tu ya kuiunganisha.

Sindromu, kwa asili yake ya Kigiriki, ni mambo yanayokimbia pamoja: syn ni pamoja, dromos ni mbio. Neno hilo linataja yale daktari anayoyaona kwa macho: misuli iliyolegea, macho yaliyopanda kwa pembeni, mfuo mmoja unaokatiza kiganja, mwanya mpana kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata. Halisemi chanzo. Jina la Down nalo lina historia nzito zaidi. Mwaka 1866 Dkt. John Langdon Down alieleza hali hii kwa kuwapanga watu wenye ulemavu wa akili kwa sura za makabila ya dunia, na wenye hali hii akawafananisha na Wamongolia. Tusi hilo lilidumu vitabuni karibu miaka 100. Mwaka 1961 kundi la wanasayansi liliandika katika jarida la The Lancet kutaka liachwe. Mwaka 1965 Mongolia yenyewe ikapeleka malalamiko, na Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia. Jina la Down likashika nafasi iliyobaki wazi. Na kwa kijana wa Dzaleka mwenye Kiingereza cha darasani, “down” ni chini. Hudhani mdogo wake ameitwa mtu wa akili za chini.

Wafaransa walifuata njia nyingine. Januari 1959, mjini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walichapisha ugunduzi kwamba watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46. Gautier ndiye aliyeotesha chembehai katika maabara aliyoiandaa mwenyewe, ingawa jina lake lilichapishwa likiwa limekosewa herufi. Picha ya kromosomu inajieleza: vijiti vyenye mistari vimepangwa viwili viwili, virefu vikitangulia, na karibu na mwisho, penye namba 21, vimesimama vitatu vifupi. Hapo ndipo lilipotoka trisomia, miili mitatu. Kiswahili hakina haja ya kupitia Ugiriki kusema hivyo. Kina umoja, kina utatu, na kiambishi u- kinafanya kazi yake bila msaada.

Tatu yenyewe ni mali ya majirani wote. Mrundi na Mnyarwanda husema bitatu, Mchewa husema zitatu. Katika makazi yenye lugha nyingi kama Dzaleka, neno ambalo kila mtu amekwisha kulijua nusu yake lina nguvu ambayo hakuna kamati inayoweza kuitengeneza mezani.

Mwandishi wa makala haya alilitetea neno hili mbele ya jopo moja la istilahi, akajibiwa kwamba utatu ni wa Mungu. Jibu hilo halikupimwa. Ushirika ni meza ya Bwana, na ushirika ni chama cha wakulima; hakuna mkulima aliyewahi kupeleka kahawa madhabahuni. Pingamizi la pili lilikuwa la kitaalamu: kwamba wapo wachache, asilimia 3 au 4, ambao kromosomu 21 ya ziada imeungana na nyingine, hivyo hesabu inabaki 46. Kweli, lakini nakala za chembechembe za urithi za 21 bado ni tatu. Kwa wale ambao baadhi tu ya chembehai zao zina nyongeza hiyo, yatosha kusema utatu mchanganyiko. Tena neno linazaa: utatu wa 18 na utatu wa 13 ni hali nyingine zinazojulikana, na “ugonjwa wa Down” hauwezi kuzitaja.

Utafiti ndio unaodai zaidi jina hili. Jeni la APP, linalohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, limo kwenye kromosomu 21. Mwenye nakala tatu hukabiliwa na Alzheimer mapema kuliko wengine. Kwa neno utatu, maelezo hayo yanaeleweka papo hapo. Mwaka 2018 Marekani ilianzisha mradi wa INCLUDE kwa sababu watu hawa walikuwa wakiachwa nje ya tafiti. Malawi ina kipimo chake cha makuzi ya mtoto, MDAT, kilichochapishwa mwaka 2010 na chenye vipengele 136, kwa hiyo zana ya utafiti wa aina hiyo ipo. Lakini fomu za ridhaa Lilongwe kwa kawaida huandikwa Kiingereza na Chichewa, na mzazi wa Dzaleka asiyesoma lugha hizo hawezi kuridhia kwa haki jambo asiloelezwa.

Kwa matumizi: iandikwe “mtoto mwenye utatu wa 21”, na mara ya kwanza tu iongezwe “yaani sindromu ya Down”. Neno ugonjwa libaki kwa yale yanayopimwa na kutibiwa: kasoro ya moyo, ambayo karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa nayo, tezi ya shingo, masikio na macho.