Senti ya Kila Juma: Tarehe ya Michango ya Shule za Parokia katika Ngara na Biharamulo

Mwaka 1822, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, mji uliokuwa mashuhuri kwa ufumaji wa hariri, lilizaliwa shirika la kueneza imani ambalo mizizi yake ilikuwa kazi ya binti mmoja, Pauline Jaricot, aliyekuwa amekwisha kuwapanga wafanyakazi wa mji ule makundi ya watu kumi kumi, kila mtu akisali na kutoa sarafu moja ndogo kila juma kwa ajili ya misioni za mbali. Naye mkuu wa kumi alimkabidhi makusanyo mkuu wa mia, na mkuu wa mia alimkabidhi mkuu wa elfu, hata vijisarafu vya watu wasiokuwa na akiba vikawa fedha za kuvusha wamisionari bahari. Miaka 21 baadaye, mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy aliwaundia watoto shirika la namna hiyo hiyo, ambalo Wakatoliki wetu hulijua kwa jina la Utoto Mtakatifu, na ambalo hata leo huwakusanya watoto Jumapili katika parokia za Ngara na Biharamulo.

Naanza mbali kwa sababu maalumu. Imezoeleka kudhani kwamba shule ya misioni ilikuwa zawadi ya mzungu tajiri kwa Mwafrika maskini, ilhali fedha iliyowaleta Mapadre Weupe Afrika ya Mashariki ilitoka kwa kiasi kikubwa katika mifuko ya maskini wa nchi nyingine, waliotoa kidogo kidogo, katika makundi madogo ambamo kila mtu alimjua mwenziwe kwa jina. Na shule zenyewe, zilipofika katika vilima vya Bugufi na Bushubi huko Ngara, na katika mapori ya Rusubi huko Biharamulo, zilisimama kwa njia hiyo hiyo.

Shirika la Mapadre Weupe liliasisiwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, na msafara wao wa kwanza uliingia bara kwa njia ya Bagamoyo mwaka 1878. Vita vya Buganda vya mwaka 1892 vilimtoa huko Askofu Jean-Joseph Hirth pamoja na wafuasi wake, naye akapata makimbilio upande wa Bukoba, na mwaka huo huo ikaanzishwa misioni ya Kashozi, ambayo ndiyo mama wa misioni nyingi za mkoa tuuitao leo Kagera. Kutoka huko na kutoka kusini mwa ziwa wakasogea kuelekea Biharamulo na Ngara, na Katoke, katika nchi ya Wasubi, ni miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo upande ule.

Wilaya hizi mbili ni jirani, lakini maumbile yao hayafanani, na tofauti hiyo ilikuwa na athari kubwa katika habari za shule. Ngara ni nchi ya vilima na migomba, iliyobanana na Burundi na Rwanda, ambako Wahangaza na Washubi wamejenga nyumba zao karibu karibu, na kengele ya kigango huweza kusikika kilima cha pili. Biharamulo ni nchi pana, ya mapori yaliyokuwa makao ya mbung'o, na zama za Waingereza malale yaliifanya serikali iwahamishe watu na kuwakusanya penye makazi ya pamoja ili waepukane na maradhi hayo. Basi mtoto wa Ngara aghalabu alikwenda shule akirudi kwao kula, ilhali mwenziwe wa Biharamulo pengine ilimlazimu apate mahali pa kulala kwa jamaa au kwa katekista. Na mzazi wa huko, kabla ya kufikiri habari ya ada, alikuwa na deni la chakula cha mtoto kwa aliyempokea, deni ambalo lililipwa kwa mahindi, maharage au mihogo, wala halikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali.

Shule za mwanzo zilikuwa shule za katekismu. Mwalimu wake alikuwa katekista, mtu wa hapo hapo, aliyewafundisha watoto sala, kusoma na kuandika chini ya paa la nyasi. Na kama alipata ujira kutoka misioni ulikuwa mdogo, maisha yake yakategemea shamba lake na hisani ya wale aliowafundishia watoto. Mwaka 1927 serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya elimu, ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizotimiza masharti ya majengo, mafunzo na walimu wenye vyeti. Mwaka uliofuata Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwahimiza wamisionari waliokutana Dar es Salaam kushirikiana na serikali kwa nguvu zao zote katika elimu, hata akafikia kusema kwamba palipokuwa hapana uwezo wa kufanya yote mawili, shule zitangulizwe kuliko makanisa. Lakini ruzuku ile haikuzifikia shule za katekismu zilizotapakaa vigangoni, nazo ndizo zilizokuwa nyingi. Mzigo wa shule hizo ulibaki pale ulipokuwa tangu awali, yaani juu ya mabega ya jamaa za wanafunzi.

Nami nataka nikae kidogo juu ya lile paa la nyasi, maana lina ilimu ndani yake. Nyasi za paa huoza, mchwa hula miti, mvua za masika hupenya. Na kwa hiyo kila baada ya miaka michache shule ya kigango ilikuwa haina budi kuezekwa upya. Wanaume walikata miti na kufunga fito kwa kamba, wanawake walikata nyasi na kuzibeba matita kwa matita, watoto walichota maji na kukanyaga udongo wa kukandikia kuta. Hakuna mzazi aliyeweza kusema kwamba shule imekwisha kujengwa na zamu yake imepita, maadamu jengo lenyewe lilikuwa likimwita tena. Zilipokuja kuta za matofali ya kuchoma na mapaa ya mabati, jambo ambalo kila mwenye akili alilifurahia, watoto walipata kusoma bila kuloa, lakini mwito ule wa mara kwa mara ukanyamaza. Tangu hapo michango ikawa jambo la kutangazwa, yenye sababu maalumu na siku maalumu, badala ya kuwa desturi iliyorudi pamoja na majira.

Fauka ya hayo, tusisahau kwamba katika miaka mingi ya ukoloni wanaume wa Bugufi na Bushubi walisafiri kwenda Buhaya na Buganda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na pamba, wakikaa huko miezi mingi, na wengine miaka. Shilingi waliyorudi nayo ililipa kodi, ikanunua nguo, na ilipobaki ikamlipia mtoto ada. Lakini aliyekuwapo nyumbani asubuhi kumwamsha mtoto, aliyepeleka tita la nyasi siku ya kuezeka, aliyesimama mbele ya katekista kuulizwa kwa nini kijana hakuonekana juma zima, alikuwa mama. Tarehe ya shule zetu imeandikwa kwa majina ya maaskofu na mapadre, na wanastahili. Ila sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya wanawake hao, na naona ni dhuluma kuandika habari hizi bila kuwataja. Kahawa ilipostawi Ngara kwenyewe, msimu wake ukawa ndio kalenda ya ada, na hata leo mwalimu mwenye busara hujua ni mwezi gani wa kumdai mzazi na ni mwezi gani wa kumstahi.

Mwaka 1960 ulileta heshima kubwa katika nchi hii, kwa kuwa Askofu Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya, aliteuliwa kuwa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, na katika mwaka huo jimbo la Rulenge likapata jina lake, likiwa na Askofu Alfred Lanctôt. Miaka mitano baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwezi Oktoba 1965, ulithibitisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Wazazi wa Ngara hawakuwa na haja ya kuambiwa, kwani walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu enzi za paa la nyasi.

Kisha likaja jambo kubwa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha katika shule za Kikatoliki za St. Mary's Tabora na Pugu, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika zilizopata ruzuku chini ya mamlaka ya serikali, ila seminari. Haki ilikuwamo katika uamuzi huo, na Mkatoliki mkweli lazima akiri: watoto wa Kiislamu na wa dini za asili hawakuwa na mlango ulio wazi sawasawa na wa Mkristo, na taifa changa lisingeweza kujengwa juu ya tofauti hiyo. Hata hivyo, kwa mzazi aliyefyatua matofali ya shule ile kwa mikono yake, ilikuwa vigumu kufahamu jengo limehamaje bila yeye kuulizwa.

Ajabu ni kwamba mkono wa kutoa haukukunjwa. Katika mwaka ule ule wa 1969 Rulenge ilimpata Askofu Christopher Mwoleka, mtu aliyeupokea Ujamaa kwa moyo wake wote, hata akawa akienda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji katika kijiji cha Ujamaa. Na jimbo lake likawa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia katika kuunda Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya shabaha yao ya kichungaji katika mkutano wao wa mwaka 1973. Nyumba kadhaa za majirani zilikutana kila juma kusali, kusoma Injili, kuwatazama wagonjwa na kutoa kidogo walichonacho. Anayesoma habari za Lyon na kisha akahudhuria sala ya jumuiya katika kilima cha Rulenge hatakosa kuona udugu wa mambo haya mawili, ingawa wafumaji wale na wakulima hawa hawakujuana kamwe. Na mpango wa serikali wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, na vijiji vikatakiwa kujenga madarasa kwa haraka, watu waliokwisha kuzoea kukusanyana kwa vikundi na kuhesabiana hadharani hawakuanza somo hilo upya.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita vya nchi yao walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda usiozidi saa 24, na kambi ya Benaco ikawa ghafla mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa. Kanisa la Rulenge lilifanya liwezalo, na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Redio Kwizera mwaka 1995. Misaada ya kimataifa iliyomiminika wilayani ilikarabati na madarasa pia. Ila fedha ya wafadhili huja na kuondoka na gari lao, na baada ya wakimbizi wa Rwanda kurejeshwa kwao Desemba 1996, wazazi wa Ngara walijikuta na misitu iliyokatwa na michango ile ile ya zamani.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia watu binafsi na mashirika ya dini mlango wa kuanzisha shule zao, na parokia zikarudi katika kazi hiyo, aghalabu kwa kuanza na chekechea kando ya kanisa. Ukitaka kuona jinsi fedha hupatikana, simama mlangoni mwa kanisa Jumapili ya mavuno baada ya Misa. Kuku amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Kuna mkungu wa ndizi, debe la maharage, malenge, na bakuli la mayai ya watoto wa Utoto Mtakatifu. Katekista humwinua kuku juu na kutaja bei, mmoja akaongeza, mwingine akapandisha, na aliyemnunua akamrudisha mezani auzwe tena kwa ajili ya shule, hata kuku mmoja akaleta fedha ambayo sokoni ingenunua kuku kadhaa. Mama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, aliyekaa na daftari huandika kila jina pamoja na jumuiya yake, na kabla watu hawajatawanyika jumla husomwa kwa sauti, kila mmoja akiisikia.

Usomaji huo wa jumla ndio hasa ninaoutetea. Mzazi aliyesikia hesabu ana idhini ya kuuliza bati limenunuliwa wapi na kwa nini choo cha wasichana hakijakwisha, na paroko hana njia ila kumjibu. Lakini shule nyingi za majimbo sasa huendeshwa kwa ada inayolipwa benki, kwa namba na risiti, na mzazi huitwa aghalabu deni linapozidi au siku ya mahafali. Upande wa shule za serikali, waraka wa mwishoni mwa mwaka 2015 ulioondoa ada na kukataza michango ya lazima uliwapunguzia wanyonge mzigo mzito, nami naushukuru, ila wako wazazi walioufahamu kana kwamba kuisaidia shule kumekatazwa kabisa, wakaacha hata kuhudhuria vikao. Katika hali zote mbili mzazi amesogezwa mlangoni, huku kwa kulipa na kule kwa kutolipa.

Parokia zinayo dawa karibu kuliko zinavyodhani. Hesabu za zaka husomwa katika jumuiya, mapato kwa matumizi. Hesabu za shule nazo zaweza kupita njia hiyo hiyo, kila muhula, zikiletwa na mjumbe wa kamati ya shule katika nyumba ambamo jumuiya imesali juma hilo, ili wenye watoto shuleni na wasio na watoto wasikie kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mama aliyetoa mayai mawili aulize swali lake mahali ambapo hahitaji kuvaa viatu vya kwendea mjini.