Tahasusi ipi kwa shahada ipi: Mwongozo kwa wanafunzi wa Nkasi

Na Mwandishi Wetu, Namanyere

KILA mwaka wanafunzi wa kidato cha nne wilayani Nkasi, kama wenzao kote nchini, hujaza katika mfumo wa Selform tahasusi wanazotaka kusoma kidato cha tano. Herufi tatu zinazoandikwa hapo ndizo huamua, miaka miwili baadaye, kozi zipi za chuo kikuu mwanafunzi ataweza kuziomba.

Marekani ilikuwa na mitihani ya somo moja moja kwa waombaji wa vyuo, iliyofutwa mwaka 2021. Tanzania haina utaratibu huo. Kipimo kikuu ni matokeo ya kidato cha sita.

Kwa jumla, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutaka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hata hivyo, pointi pekee hazitoshi, kwa kuwa kila kozi hutaja masomo yake.

Udaktari wa binadamu huhitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Mwanafunzi wa CBG, hata akipata A tatu, hukosa sifa kwa sababu hakusoma Fizikia.

Uhandisi kwa kawaida hudai Fizikia na Hisabati ya Juu, hivyo PCM na PGM ndizo zinazofaa. Anayesoma PCB hupata Hisabati ya msingi (BAM), ambayo kwa kozi nyingi za uhandisi haichukui nafasi ya Hisabati ya Juu.

Kwa kilimo, fani iliyo karibu na maisha ya wakulima wa mahindi na alizeti wa Ufipa, CBG, CBA na PCB hufungua kozi nyingi katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. EGM hufaa uchumi na takwimu, ECA uhasibu na biashara, huku HGL, HGK na HKL zikielekea sheria, lugha na ualimu.

Machi 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Si kila shule hufundisha zote, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kuchagua.

Asiyepata nafasi kidato cha tano anaweza kupitia stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Stashahada ya utabibu, kwa mfano, hutaka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha nne. Na kwa kawaida stashahada yenye wastani wa 3.0 humruhusu mhitimu kuomba shahada ya fani hiyo.

Kwa kaya inayouza mazao kulipia masomo, kurudia mitihani kwa sababu ya somo moja ni hasara kubwa. Mwanafunzi anashauriwa kuanza na shahada anayoikusudia, asome masharti yake katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, kisha alinganishe na alama zake na ndipo ajaze Selform.