Migono ya Wagenia na Madai ya Stanley

Katika miezi ya Julai na Agosti, shule zifungwapo, wakazi wa Kisangani na wageni wao hufanya lile lifanywalo na watu wa miji ya maji duniani kote, kuanzia Mombasa hata vijiji vya pwani ya Scotland: hutafuta ukingo wa kupungia upepo. Hupanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, mpaka kwenye maporomoko. Huvuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga. Hutembea mbele ya kanisa kuu lielekealo mto. Na jioni hula liboke ya samaki, aliyefungwa katika majani na kuiva juu ya makaa, pamoja na lituma, yaani ndizi zilizochemshwa na kupondwa. Burudani hizi ni njema, nami sina neno juu yake. Neno nililo nalo ni juu ya hadithi wanayosimuliwa wageni wakiisha kufika majini, ya kwamba mji huu ulizaliwa mwezi wa Desemba 1883, Henry Morton Stanley alipoacha hapa kituo chake.

Hakuna haja ya kueleza kwa urefu jiografia ijulikanayo na wote: maporomoko saba ya Boyoma yamejipanga katika mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Ubundu, na penye la mwisho, yaani mlangoni mwa Kisangani, ndipo Lualaba iachapo jina lake na kuitwa Kongo. Hapo ndipo Wagenia, ambao wengine huwaita Wenya, husimamisha kati ya miamba nguzo za miti zilizofungwa kwa mbugu, na kutoka katika nguzo hizo huteremsha migono mikubwa, yenye umbo la pia, midomo yao ikielekea maji yanayokuja kwa ghadhabu. Maji yenyewe humleta samaki, na nguvu ya maji hayo humzuia kurudi.

Sasa shahidi ninayemleta mbele ya wasomaji ni Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1878 juu ya safari iliyomfikisha hapa mwezi wa Januari 1877. Kitabu hiki hutajwa sana na husomwa kidogo. Na katika kurasa za poromoko la saba mna habari ambayo wanaomsifu kwa uvumbuzi huipita kana kwamba haikuandikwa. Alikuta nguzo zimesimamishwa majini na migono imefungwa. Alikadiria kwamba kila upande wa mto hutegwa migono 60 au 70 kila siku. Na siku ya pili watu wake walipandisha sita, wakatoa samaki wakubwa 28, mmoja wao akiwa na uzani wa ratili 17. Wala hasemi kwamba aliomba idhini ya wenyewe. Basi nauliza: mahali penye migono zaidi ya 100 itegwayo kila siku, yenye kuhitaji mafundi wa kuisuka, wapiga makasia hodari, na kanuni ya kuamua nani atege wapi, pataitwaje pori lisilo na mwenyewe?

Tena jina la watu wa mto huu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla yake. David Livingstone, Mskochi, alipokaa Nyangwe mwaka 1871, aliwataja wenye mitumbwi ya Lualaba kwa jina hilo la Wagenya, naye hakuweza kuteremka mto kwa sababu hakupata mitumbwi. Dalili gani iliyo bora kuliko hii, kwamba mto ulikuwa na wenyewe, na kwamba mgeni alisafiri au alikaa kwa ridhaa yao?

Ipo rai nyingine, nayo yastahili kusikizwa kwa subira, isemayo kwamba mji ni kazi ya Wangwana, waliokuja kwa misafara kutoka Manyema na kuleta mpunga, dini ya Kiislamu na lugha hii ninayoiandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanywa wali wa maporomoko haya na Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1887, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Naye ametuachia kitabu cha maisha yake, kilichotolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili. Humo analalamika kwamba Stanley alimwahidi mali nyingi, kisha akampelekea picha tu. Kitabu hicho ni hazina, na ni aibu kwamba wengi wetu tumekisikia kwa midomo ya wageni. Walakini hatuwezi kuficha kwamba nyuma ya pembe za ndovu kulikuwa na watumwa na vijiji vilivyoteketezwa. Kwa hiyo Wangwana na tuwape haki ya kuukuza mji na kuupa lugha, lakini haki ya asili si yao.

Ama kituo cha 1883, hakina uzito wa kutushughulisha sana. Stanley alimwacha kisiwani mhandisi mmoja wa meli, Andrew Binnie, Mskochi naye, pamoja na askari wachache. Na mwaka 1886 kituo kilikwisha kuteketea katika vita na Waarabu. Jambo lililodumu chini ya miaka mitatu haliwezi kuitwa msingi.

Yaliyofuata yanafahamika: vita vya 1893 vilivyoondoa utawala wa Waarabu, reli ya Ubundu, jina la Stanleyville lililofutwa mwaka 1966, misiba ya 1964, na mizinga ya majeshi ya kigeni ya Juni 2000. Katika mageuzi hayo yote mji ulibadilisha mabwana na majina, na Wagenia waliendelea kusimamisha nguzo zao penye poromoko lile lile, kwa haki ya kutega ambayo hurithiwa ndani ya koo.

Ewe msomaji utakayekuja likizoni, anzia kwao. Msalimu mzee wa kijiji, toa ada wanayoitaka, keti juu ya mwamba, na uulize mgono huu ni wa ukoo gani; wala usiupandishe bila idhini ya mwenyewe.