Core i7 siyo lazima iwe mpya: Jinsi ya kusoma jina la prosesa kabla hujanunua laptop

"Dada, hii ni Core i7, mashine ya kazi, chukua." Ukizunguka maduka ya kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, maneno kama hayo utayasikia sana. Na muuzaji anaweza asiwe anakudanganya. Ni kweli ni Core i7. Lakini Core i7 ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na tangu hapo jina limebaki lile lile huku kilichomo ndani kikibadilika karibu kila mwaka.

Siku hizi mambo yamezidi kuchanganya. Intel na AMD wamebadilisha majina ya prosesa zao, Qualcomm wameingia sokoni, na karibu kila laptop mpya ina stika ya akili mnemba. Hapo hapo, Windows 10 imeshaachwa na Microsoft. Ukikosea kusoma namba moja tu, unaweza kumaliza akiba yako kwenye mashine ambayo muda wake umeisha.

Haya ndiyo ya kuangalia.

Namba baada ya i5 au i7 ndiyo yenye siri

Kwenye prosesa za Intel za zamani kidogo, jina huandikwa hivi: Core i5-8250U. Watu wengi wanaishia kwenye "i5". Wewe angalia namba inayofuata.

Kanuni ni rahisi. Kama namba inaanza na 2 hadi 9, tarakimu hiyo ya kwanza ndiyo kizazi. Kama inaanza na 1, chukua tarakimu mbili za mwanzo. Mifano:

- Core i7-6600U: kizazi cha 6, ilitoka 2015
- Core i5-8250U: kizazi cha 8, ilitoka 2017
- Core i5-1135G7: kizazi cha 11, ilitoka 2020
- Core i5-1235U: kizazi cha 12, ilitoka 2022

Sasa linganisha mbili za kwanza. Ile i7-6600U ina viini 2, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi ndani ya prosesa. Ile i5-8250U ina viini 4. Kwa hiyo "i5" ya kizazi cha 8 inaipita "i7" ya kizazi cha 6 kwenye kazi nyingi za pamoja, japo kwa jina inaonekana ndogo.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa inayotumia umeme kidogo, kwa hiyo betri inadumu zaidi. H ni ya nguvu zaidi, kwa kazi kama kuhariri video, lakini inakula chaji na kutoa joto.

Kwa nini kizazi cha 8 ni mpaka

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki wala haikataliwi kutumika. Kinachokoma ni masasisho ya usalama. Tundu jipya likigundulika na wadukuzi, halizibwi tena.

Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida, ambao unaongeza masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila kompyuta. Inataka angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Pia inataka prosesa iwe kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7. Kwa laptop za AMD, nyingi zenye Ryzen 3000 kuendelea mbele zinakubalika.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Laptop nyingi za mtumba zinazoingia sokoni kwetu zilikuwa za ofisi huko nje, na ofisi zinapobadilisha mashine, za kizazi cha 6 na 7 ndizo zinazotoka. Zina muonekano mzuri, zimesafishwa, bei imeshuka. Bei imeshuka kwa sababu.

Utaambiwa pia, "Hii nimeshaiwekea Windows 11, usijali." Inawezekana, kwa sababu kuna njia za kuruka masharti. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba kompyuta isiyokidhi vigezo haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo umebadilisha sura tu, tatizo liko pale pale.

Kama tayari unayo mashine ya kizazi cha 6 au 7, usiitupe. Mfumo wa Linux kama Ubuntu unafanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi za namna hiyo na ni bure. Kwa kuandika, kuvinjari intaneti na barua pepe unatosha. Ila kama kazi yako inahitaji programu ya Windows pekee, hiyo siyo mashine ya kununua leo.

Majina mapya ya Intel: hapa pana mtego

Kuanzia mwisho wa 2023, Intel ilianza kuacha ile herufi "i". Sasa utakutana na majina mawili: Core na Core Ultra.

Core tupu, kwa mfano Core 7 150U iliyotoka Januari 2024, inaonekana mpya kwa jina. Lakini imejengwa kwa teknolojia ile ile ya familia ya kizazi cha 13. Siyo mbaya, ila usiilipie bei ya kitu kipya kabisa.

Core Ultra ndiyo familia mpya. Tarakimu ya kwanza kati ya tatu inakuonyesha mfululizo: 1 ni wa kwanza, 2 wa pili, na 3 ni wa tatu, uliozinduliwa Januari 2026 kwenye maonesho ya CES mjini Las Vegas.

Ila hata ndani ya mfululizo mmoja kuna tofauti kubwa. Chukua hizi mbili:

- Core Ultra 7 255H: ina nguvu kubwa kwa kazi nzito, lakini kitengo chake cha akili mnemba ni kidogo
- Core Ultra 7 258V: imetengenezwa kwa ajili ya laptop nyembamba zenye betri ya kudumu, na kitengo chake cha akili mnemba ni kikubwa

Kwa anayepita dukani, zote ni "Core Ultra 7". Kwa matumizi, ni mashine mbili tofauti.

Kuna kitu kingine kizuri kukijua kuhusu zile zenye V za mfululizo wa pili. RAM yake imewekwa pamoja na prosesa, na tarakimu ya mwisho inakuambia ni kiasi gani: ikiishia na 6 ni GB 16, ikiishia na 8 ni GB 32. Kwa hiyo 256V ni GB 16, na 258V ni GB 32. Mtu akikuambia 256V yake ina GB 32, kuna kitu hakiko sawa.

AMD nao wana fumbo lao

Kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000 za laptop, tarakimu ya kwanza inafuata mwaka wa soko. Teknolojia halisi iko kwenye tarakimu ya tatu.

- Ryzen 5 7520U: tarakimu ya tatu ni 2, yaani Zen 2, muundo ulioanza kutoka 2019
- Ryzen 5 7530U: Zen 3, ulioanza 2020
- Ryzen 5 7540U: Zen 4, ulioanza 2022

Zote ni "Ryzen 5", zote ni "7000", lakini kuna miaka kati yake. Hiyo 7520U inapatikana sana kwenye laptop mpya za bei nafuu. Kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma inatosha. Ila jua unachonunua, kwa sababu RAM yake ni ya aina inayochomelewa na huwezi kuiongeza baadaye.

Baadaye AMD walileta familia inayoitwa Ryzen AI 300, iliyoanza kuuzwa Julai 2024.

Stika ya Copilot+: unaihitaji kweli?

Juni 2024 Microsoft na washirika wake walianza kuuza laptop zinazoitwa Copilot+ PC. Ili kupata jina hilo, laptop lazima iwe na RAM ya GB 16, hifadhi ya GB 256, na kitengo cha NPU chenye uwezo wa kufanya operesheni trilioni 40 au zaidi kwa sekunde. NPU ni sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za akili mnemba tu.

Faida yake ni kwamba baadhi ya kazi, kama kuondoa mandhari nyuma yako kwenye simu ya video au kutengeneza picha, zinafanyika ndani ya kompyuta yenyewe bila kula betri sana.

Lakini kama unatumia ChatGPT au Gemini kwenye kivinjari, kazi inafanyika kwenye seva za kampuni husika. Laptop ya kawaida inafungua vile vile. Usiongeze hela kwa sababu ya stika peke yake. Kikubwa unachopata kwa uhakika kwenye Copilot+ ni ile RAM ya GB 16.

Snapdragon: betri safi, lakini uliza kwanza

Copilot+ za kwanza zilitumia chipu za Qualcomm, Snapdragon X Elite na X Plus. Sifa yake kubwa ni kukaa na chaji muda mrefu, na kwa anayeishi kwenye umeme wa kukatika katika hilo siyo jambo dogo.

Angalizo: chipu hizi ni za aina ya ARM, kama za simu. Programu za kawaida za Windows nyingi zinafanya kazi kwa kutafsiriwa. Lakini vifaa vya nje, kama printa ya zamani au mashine maalumu ya ofisi, vinahitaji dreva iliyotengenezwa kwa ARM. Isipokuwepo, kifaa hakifanyi kazi. Kabla hujalipa, orodhesha programu na vifaa vyako vyote na uhakikishe kimoja kimoja.

MacBook za bei poa

Apple waliacha Intel kuanzia M1, iliyotoka Novemba 2020. Juni 2025 wakatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo toleo la mwisho kukubali Mac zenye Intel. Kwa hiyo MacBook ya Intel inayouzwa kwa bei ya kutupa ina hadithi ile ile ya kizazi cha 6. Ukitaka Mac ya mtumba, anzia M1. Na kumbuka RAM ya Mac hizi haiongezwi, kwa hiyo unayonunua nayo ndiyo utakayokaa nayo.

RAM: usiseme nitaongeza baadaye

Zamani ushauri ulikuwa nunua ya GB 8, utaongeza ukipata hela. Sasa hivi laptop nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama.

Na hata pale inapowezekana kuongeza, bei za RAM duniani zimepanda tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinaelekeza nguvu kwenye seva za akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa watumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo ukiweza, nunua GB 16 tangu mwanzo.

Dakika tano dukani

Usilipe kabla hujafanya haya, mashine ikiwa imewashwa mbele yako:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Utaona jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Stika ya nje inaweza kubandikwa na yeyote.
2. Rudia, safari hii andika tpm.msc. Tafuta namba 2.0.
3. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Ukiona "Row of chips", RAM imechomelewa. Ukiona "SODIMM", inaweza kubadilishwa.
4. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Fungua faili inayotengenezwa, linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, betri imebakiza nusu ya uwezo wake.
5. Chomoa chaja uitumie dakika chache. Jaribu kibodi yote, kamera, spika na kila tundu la USB.

Muuzaji akikataa usifanye hata moja kati ya hayo, hilo nalo ni jibu.

Kwa kifupi

- Mtumba wa Intel: usishuke chini ya kizazi cha 8, na ukipata cha 11 au 12 ni bora zaidi
- Mtumba wa AMD: anzia Ryzen 3000
- Mac: anzia M1
- RAM: GB 8 ni ya kuanzia, GB 16 ni ya kukaa nayo
- Hifadhi: iwe SSD

Kabla hujatoa hela, muombe muuzaji akutumie picha ya ukurasa wa dxdiag kwenye WhatsApp. Kaa nayo, soma namba taratibu ukiwa nyumbani, halafu ndiyo urudi dukani kuongea bei.