Tunguu, na Majira Yake Pugu

Tunguu (wingi: matunguu), nomino ya ngeli ya LI-YA. Ni sehemu ya mmea inayokaa ardhini, yenye shina fupi bapa na majani manene yaliyofungamana juu yake, ambamo mmea huhifadhi maji na chakula ili uvuke kipindi kigumu. Mfano wa jikoni ni kitunguu maji. Mfano wa bustanini ni lile ua jekundu la duara linalochomoza peke yake mvua zinapoanza, ambalo wanabotania huliita Scadoxus multiflorus na ambalo hukua mwituni sehemu nyingi za Tanzania.

Fasili hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kisu. Pasua kitunguu maji kwa urefu, kuanzia shingoni hadi kwenye mizizi. Kile kipande kigumu cha chini ambacho mpishi hukitupa ndicho shina. Matabaka meupe yanayofuata ni majani yaliyoacha kazi ya kupokea jua yakawa ghala. Ganda kavu la nje huzuia maji yasipotee. Katikati kuna chipukizi, na mara nyingi limeshaanza kuwa la kijani: mmea wa msimu ujao umo humo tayari, unangoja wakati wake.

Kwa kipimo hicho, si kila kinachovimba ardhini ni tunguu. Tangawizi ni shina linalotambaa. Jimbi ni shina lililonenepa, na ukilikata huoni tabaka. Kiazi mviringo nacho ni shina, na yale macho yake ni machipukizi; kiazi kitamu ni mzizi. Tofauti hizi zina maana kwa mwenye jembe. Kiazi mviringo unaweza kukikata vipande, na kila kipande chenye jicho kikaota. Tunguu likikatwa ovyo, kipande kisichobaki na sehemu ya lile shina la chini kitaoza tu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Wapo wanaopendelea kusema “balbu”, kwa kufuata Kiingereza. Lakini balbu kwa msikilizaji wa Dar es Salaam ni taa ya umeme, na historia ya neno hilo inachekesha kidogo. Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, nacho Kilatini kutoka Kigiriki, ambako *bolbos* lilikuwa jina la mimea ya jamii ya kitunguu. Taa ilikuja baadaye sana, ikapewa jina hilo kwa sababu ya umbo lake. Tukiuita mmea balbu, tunaazima jina la taa ambayo nayo iliazima jina la kitunguu, ilhali kitunguu tunacho.

Na ndani ya kitunguu limo tunguu. Kiswahili huunda jina la kitu kidogo kwa kiambishi ki-: kapu na kikapu, kombe na kikombe. Tunguu na kitunguu zimekaa katika mpangilio huohuo. Jina pana likawa la aina nzima, na jina dogo likabaki sokoni na jikoni. Ujamaa huo haumo katika maneno tu: wanabotania wa leo huweka kitunguu na lile ua jekundu katika familia moja, Amaryllidaceae.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni ndugu, kwa nini tusiyaite yote vitunguu? Sababu ni usalama. Matunguu mengi ya maua, likiwemo hilo la Scadoxus, yana sumu inayoitwa laikorini, inayoleta kichefuchefu na kutapika, na wingi wake ni hatari zaidi. Uingereza, mwaka 2015, mamlaka ya afya ya umma iliwataka wenye maduka makubwa wasiweke maua ya dafodili karibu na mboga, kwa kuwa watu walikuwa wameyadhania kuwa chakula. Katika nyumba ambayo kapu moja lina vya kupikwa na vya kupandwa, ni heri majina yatofautiane.

Nusu ya pili ya istilahi hii ya bustani, yaani majira, ndiyo ngumu zaidi. Vitabu vya bustani vya Ulaya huzungumzia matunguu yanayochanua katika majira ya kuchipua, yale yanayofuata baridi kali. Mtafsiri akiandika “matunguu ya majira ya kuchipua” atakuwa ametafsiri kalenda ya watu wengine. Tulipu, kwa mfano, huhitaji kukaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 hivi kwa wiki 12 au zaidi ndipo ua lake likue sawasawa. Hapa Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, hata katika usiku wa kipupwe mwezi Julai, joto kwa kawaida haliteremki sana chini ya nyuzi 18. Tulipu iliyopandwa hapa bila kuwekwa kwanza kwenye jokofu itatoa majani, pengine na ua lililodumaa, kisha itakwisha.

Tujiulize basi majira hayo yanafanya kazi gani kwa mmea. Yanamaliza usingizi. Ulaya, tunguu hulala kwa kukwepa joto na ukavu wa kiangazi, kisha baridi huliandaa na joto jepesi huliamsha. Pwani yetu, tunguu hulala kwa sababu ya ukame na huamshwa na maji. Kwa hiyo kinacholingana na majira yao ya kuchipua ni mwanzo wa mvua zetu: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, au masika, kuanzia Machi. Istilahi inayofaa ni “matunguu ya mvua za kwanza”.

Jina likikaa vizuri, utunzaji nao hujipanga. Panda Septemba, kabla ya vuli, tunguu likiwa bado limelala. Vilima vya Pugu vinajulikana kwa kaolini, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, na penye mfinyanzi maji hutuama. Tunguu huuawa kwa urahisi zaidi na maji yaliyotuama kuliko na ukame. Inua tuta, changanya mchanga na mboji au samadi iliyooza vizuri. Scadoxus liweke shingo yake ikiwa usawa wa udongo, mahali penye kivuli chepesi, kama pembezoni mwa mwembe. Amarilisi ya madukani, yenye asili ya Amerika Kusini, iache theluthi yake ya juu ikiwa nje na uipe jua zaidi.

Mwagilia mara moja, kisha subiri chipukizi lionekane ndipo uendelee, mvua zikikatika. Ua likinyauka, kata kikonyo chake tu. Majani usiyaguse hata kama yanaharibu sura ya bustani, kwa sababu ndiyo yanayojaza ghala la mwakani. Ukiyafyeka mapema, msimu ujao utaona majani bila ua. Yakianza kuwa ya manjano, acha kumwagilia. Lililo kwenye chungu lisogeze barazani, mvua za rasharasha zisilifikie. Lililo ardhini liache papo hapo, kwani halipendi kuhamishwahamishwa. Vitoto vinavyoota ubavuni vitenganishwe mwishoni mwa usingizi, kila kimoja na mizizi yake.

Usichimbe matunguu katika msitu wa hifadhi wa Pugu. Ni kosa kisheria, na mmea wa aina hii ukikuzwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, kwa hiyo pengo unaloliacha halijazwi upesi. Nunua, au omba kitoto kwa jirani.

Kwa wauza miche wa barabarani, pendekezo langu ni dogo. Kwenye mfuko waandike: “Tunguu la mvua za kwanza. Si la kula.” Mnunuzi akisoma hivyo atajua ameshika ghala lenye mmea ndani, atajua wakati wa kulipanda na wakati wa kuliacha likauke, na hatalichanganya na vitunguu vya mchuzi.