Nyumba ya Moissac: namna maskauti Wayahudi walivyolinda watoto na asili yao

Vita inaweza kumnyanganya mtoto nyumba, masomo na wazazi kwa siku moja. Baadaye inaanza kumnyanganya kitu kingine kisichoonekana kwa macho: mtoto hajui tena yeye ni wa nani, na watu wake ni akina nani. Huko Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kikundi cha vijana Wayahudi kilipigana na hatari hiyo kwa njia ambayo wengi waliiona kama mchezo wa watoto: nyimbo, mahema, kazi za zamu na sikukuu ya kila juma.

Kikundi hicho, Éclaireurs israélites de France, yaani maskauti Wayahudi wa Ufaransa, kilianza mjini Paris mwaka wa 1923. Mwanzilishi wake, Robert Gamzon, alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Wakati ule vijana Wayahudi hawakuwa kitu kimoja. Wamoja walitoka katika familia zilizokaa Ufaransa tangu vizazi vingi. Wengine wazazi wao walikuwa wamefika juzi-juzi kutoka Polandi, Urusi ao Romania, na walisema Kifaransa kwa shida. Kulikuwa wenye kushika dini sana, na wasiosali kabisa.

Gamzon na wenzake walitafuta namna ya kuwaweka wote chini ya hema moja. Walikubaliana juu ya mambo machache ambayo kila kambi itayashika: Sabato itaheshimiwa, na chakula kitapikwa kufuata sheria ya Kiyahudi, ili asikuwepo mtoto wa kushindwa kula pamoja na wenzake. Mengine yaliachiwa dhamiri ya kila mmoja. Hivyo mtoto wa mgeni na mtoto wa mwenyeji walijifunza kuitana ndugu.

Vita ilipoanza mwaka wa 1939, familia nyingi zilitaka kuondoa watoto wao katika miji mikubwa. Mwezi wa 12 mwaka huo, maskauti walifungua nyumba ya watoto huko Moissac, mji mdogo wa kusini-magharibi, kando ya mto Tarn. Waliosimamia nyumba hiyo ni mwanamke kijana aliyeitwa Shatta Simon pamoja na mume wake Édouard, ambaye watoto walimwita Bouli. Watoto walifika kutoka Paris na kwingineko. Wengine walikuwa wamezaliwa Ujerumani, Austria ao Polandi, na walikuwa wamekimbia mara mbili ao tatu. Kulikuwa hata waliotolewa katika kambi ya Gurs, mahali ambapo wakimbizi walifungiwa nyuma ya seng'enge. Kati ya 1939 na 1943, karibu watoto 500 walipita katika nyumba hiyo.

Maisha yalikuwa na utaratibu. Watoto waligawanywa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kilikuwa na kijana mkubwa wa kukiangalia. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Wadogo walisoma katika shule za mji, pamoja na watoto wa wenyeji. Wakubwa walijifunza ufundi, kama vile useremala na kufunga vitabu. Kulikuwa kwaya. Ijumaa jioni, Sabato ilipoingia, nyumba yote ilikaa mezani pamoja, ikaimba. Mtoto ambaye hakujua tena wazazi wake wako wapi alijua angalau mahali pa kukaa Ijumaa jioni.

Halafu hatari ikakaribia. Mwezi wa 8 mwaka wa 1942, serikali ya Vichy ilianza kukamata Wayahudi wa kigeni kusini mwa nchi na kuwatia mikononi mwa Wajerumani. Kila habari ya msako ilipofika, walezi walichukua mahema na kutoka mjini pamoja na watoto. Mpita njia aliona maskauti wanapiga kambi tu, kama kawaida yao. Watoto walikuwa wamezoea kulala nje, kutembea usiku, kunyamaza wakiambiwa wanyamaze. Kile kilichokuwa mchezo kikawa kinga.

Mwezi wa 11 mwaka ule, jeshi la Wajerumani liliingia kusini. Mwaka wa 1943 haikuwezekana tena kuwaweka watoto wengi mahali pamoja. Nyumba ikafungwa. Watoto walitawanywa kwa wakulima, katika shule za bweni na katika nyumba za watawa, wakiwa na karatasi za uongo na majina mapya. Mtandao wa siri wa maskauti, ulioitwa Sixième, yaani Ya Sita, ulitengeneza karatasi hizo. Vijana wake walizunguka kuwatembelea watoto, kupeleka pesa na karatasi za posho, na kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa. Baadhi yao walikamatwa na kuuawa.

Hapo ndipo kazi ya miaka ile ilionekana. Mtoto alilazimika kujibu kwa jina lisilo lake, na kusali sala zisizo zake, ili aishi. Lakini alikuwa ameimba nyimbo za watu wake kwa miezi mingi, na alijua kwamba kuna watu wanaomhesabu. Jina la uongo lilikuwa nguo ya kuvaa kwa muda.

Zaidi ya watoto Wayahudi 11,000 walipelekwa kutoka Ufaransa hadi kambi za kifo. Wa Moissac waliokoka karibu wote. Hawakuokolewa na maskauti peke yao. Watu wa mji walijua, na wengi walinyamaza, wakaonya, wakaficha. Watoto waliosoma darasa moja na watoto wao hawakuwa tena wageni kwao.

Baada ya ukombozi nyumba ilifunguliwa tena, kwani watoto wengi walingoja wazazi ambao hawakurudi. Kikundi cha maskauti Wayahudi kingali kinafanya kazi nchini Ufaransa hadi leo.

Katika kambi za waliokimbia vita huku Kongo, msaada ukifika watu huhesabu kwanza unga, maji na bashi, na ni haki. Lakini mara nyingi mtoto anabaki kuzurura kutwa, na kijana wa miaka 18 anakaa bila kazi mbele ya hema. Pale Moissac kijana kama huyo alipewa kikundi kidogo cha watoto wa kuangalia. Alijua majina yao yote, na kila jioni aliwahesabu. Kazi hiyo haidai unga wala bashi. Inadai saa maalum, wimbo wa nyumbani, na mtu mzima wa kumwamini yule kijana.