Mto wa Matogoro na Mabibi wa Uskoti

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea. Huteremka na kujipinda milimani, ukashika njia ya mashariki hali umekuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukapokea maji ya Lujenda, na mwisho ukamwagika katika Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Watu wa mwambao waliujua mto huu kwa mdomo wake, si kwa chemchemi yake. Na Waskoti nao, walipoanza kuutafuta, walianzia mdomoni.

Wa kwanza wao mashuhuri alikuwa David Livingstone. Aliingia Ruvuma mwaka 1861 kwa meli ya Pioneer, maji yakapungua, akageuza. Akarudi Septemba 1862, safari hii kwa mashua, akapanda zaidi ya maili 100 hata miamba na uchache wa maji vikamrudisha tena. Mara ya tatu ilikuwa 1866, alipotoka Unguja, akashuka Mikindani na kwenda kwa miguu mpaka mji wa Mwembe wa Mataka, sultani wa Wayao. Matogoro hakufika. Safari hizi zimeandikwa mno, na msomaji wa pwani hana haja ya kukaririwa. Jambo ambalo aghalabu halisemwi ni kwamba alipoingia mtoni mara ya pili, mkewe alikuwa na miezi mitano tu kaburini.

Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 Griquatown, kusini mwa Afrika. Baba yake, Robert Moffat, alikuwa mmisionari wa Kiskoti. Mama yake alikuwa Mwingereza. Uskoti wake, basi, ulikuwa wa damu na wa ndoa. Kitswana alikisema tangu utotoni, na ng'ambo aliiona alipokwisha kuwa msichana mkubwa. Aliolewa mwaka 1845. Alivuka jangwa la Kalahari na mumewe akiwa mjamzito, si mara moja bali mara mbili, na mtoto mmoja akamfia mwaka 1850 angali mchanga. Mwaka 1852 alipelekwa Uingereza na watoto wanne, akahangaika kwa ufukara na kuhamahama, ilhali mumewe akivuka bara na kujijengea jina. Alifika Zambezi mwanzoni mwa 1862 kumfuata. Tarehe 27 Aprili mwaka huo homa ikamwua hapo Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu.

Je, habari zake zatoka wapi? Barua zake zilizosalia ni chache. Sehemu kubwa ya yajulikanayo imetoka katika shajara za wanaume waliokuwa katika msafara. Shajara ya James Stewart ilichapishwa mwaka 1952, na ya John Kirk mwaka 1965. Humo mna minong'ono juu ya ulevi wake na ukali wa ulimi wake. Huyo Kirk ndiye yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, na ambaye jina lake limefungamana na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Watu wa visiwani humkumbuka kwa mkataba. Mary amebaki kukumbukwa, kwa kiasi fulani, kwa waliyoyaandika wenziwe Kirk wakati wa chuki na homa. Haikuwa haki, na waandishi wa kike wa baadaye wameliona hilo. Edna Healey alimweka Mary katika kitabu chake Wives of Fame cha 1986, pamoja na mke wa Karl Marx na mke wa Charles Darwin. Mwaka 2012 mwandishi wa habari wa Kiskoti, Julie Davidson, akatoa Looking for Mrs Livingstone, akimtafuta bibi huyo kwa kuzifuata nyayo zake kusini mwa Afrika. Yatazamwe majina ya vitabu hivyo viwili: kimoja ni cha wake wa watu maarufu, cha pili ni cha Bibi Livingstone. Hata waliokuja kumwokoa walilazimika kumwita kwa jina la mume, kwani bila hilo nani angekinunua kitabu?

Desturi hiyo haikuanza kwao. Alexander Mackay, mhandisi kutoka kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, alipita Unguja mwaka 1876 kwenda Buganda, akafanya kazi ya mtambo wa chapa huko, akafa Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria, mwaka 1890. Mwaka uo huo wasifu wake ukatoka London. Ulikuwa umejaa barua zake, umepangwa kwa mkono wa mtu aliyemjua tangu utoto, na ulisomwa sana. Ukurasa wa mbele haukutaja jina la mtungaji. Ulisema tu kwamba kitabu kimeandikwa na dada yake. Dada mwenyewe aliitwa Alexina Mackay Harrison. Hivyo moja ya vitabu vilivyoieneza sifa ya Uskoti katika Afrika ya Mashariki kiliandikwa na mwanamke wa Kiskoti aliyejificha, au aliyefichwa, nyuma ya udugu.

Kenya nako mambo ni hayo hayo. Marion Scott Stevenson, aliyezaliwa mwaka 1871, alikuja katika misheni ya Kanisa la Uskoti mwaka 1907, akafundisha Thogoto, kisha Tumutumu, hata 1929. Alifariki 1930, na miaka miwili baadaye maisha yake yakachapwa katika kitabu A Saint in Kenya, yaani mtakatifu aliyekuwa Kenya. Mtungaji ni mwanamke pia, naye alitia jina la Mrs Henry E. Scott: jina la mume tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa pana la kutua na kulitazama. Stevenson alikuwa mstari wa mbele kupinga tohara ya wasichana wa Kikuyu, na katika mgogoro wa 1929 maneno makali ya Kiingereza ambayo wamisionari waliyatumia kuiita tohara hiyo ukeketaji yanahusishwa naye. Mila yenyewe iliwaumiza wasichana, na sheria za Kenya leo zinaikataza. Hilo halina mjadala. Lakini hoja ilipandishwa pamoja na sharti la kanisa, na sharti likaonekana kuwa mkono mwingine wa walionyang'anya ardhi. Watu wengi wakatoka misheni, shule zao wenyewe zikaota. Jawabu lao halikuwa kitabu. Lilikuwa wimbo wa ngoma, Muthirigu, uliowadhihaki wamisionari na machifu, nao ukaenea upesi hata serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Wapenzi wa ushairi wataelewa maana ya serikali kuogopa wimbo. Hata hivyo yafaa kuuliza, wasichana wenyewe walisema nini? Mtakatifu alipata wasifu, waliopinga wakapata wimbo, na wale ambao miili yao ilikuwa ndiyo uwanja wa ugomvi ni kama hawakuulizwa.

Mmoja tu katika kundi hili alisema kwa kinywa chake bila pazia: Jane Waterston wa Inverness, aliyezaliwa 1843, mwalimu kisha daktari. Alifika misheni ya Livingstonia, Ziwa Nyasa, mwishoni mwa 1879, akaona udaktari wake haupewi uzito unaostahili, akaondoka mwaka uliofuata. Barua zake zilichapishwa 1983, na zinauma.

Mwaka 1858, msafara wa Livingstone ulipong'oa nanga Uingereza kuelekea Zambezi na Mary akiwamo chomboni, kaskazini ya mwambao kulikuwa na bibi mgonjwa aliyekuwa akimtungia bintiye utendi. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu (Mataka huyu si yule wa Mwembe, majina husafiri kuliko watu), alifariki yapata 1860. Utendi wake wafundisha utii kwa mume, na wako wanaomlaumu kwa hilo. Lakini mwanamke huyo wa utii alijitaja kwa jina lake ndani ya beti zake, jambo ambalo dada yake Mackay hakulifanya katika London ya 1890. Waliomnakili wakalihifadhi jina, na Alice Werner na William Hichens walipouchapa utendi mwaka 1934 walilikuta likiwasubiri.

Mwambao, kwa hivyo, ulikuwa na wino wake. Matogoro je?

Nguvu za Waskoti zilikomea ziwani. Misheni ya Livingstonia iliwafikia Wangoni wa Mbelwa, ng'ambo ya Nyasa, ambao asili yao ni moja na Wangoni wa Songea, wote wakiwa matawi ya msafara wa Zwangendaba. Wale wakapata shule za Kiskoti, na wamisionari wa kuwaandika katika barua za nyumbani. Hawa wa Songea wakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wabenediktini wakafika Peramiho mwaka 1898, na bunduki hazikuwa mbali. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, simulizi za huko zasema kwamba mjumbe Omari Kinjala aliyeleta maji alipokewa kwanza na mwanamke, Mkomanile, mtu wa ukoo wa utawala, upande wa Namtumbo ya leo. Yeye ndiye aliyeifungua njia ya dawa kuwafikia machifu. Vita viliposhindwa alinyongwa mwaka 1906, mwanamke pekee miongoni mwa wakubwa wa Kingoni zaidi ya 60 walionyongwa Songea, wengi wao tarehe 27 Februari. Hapo pana Makumbusho ya Maji Maji leo, na kaburi la pamoja.

Mkomanile hakuacha barua, wala hakuwa na dada London. Habari zake zimo katika kumbukumbu za waliomhukumu, katika kazi za wanahistoria wachache kama Patrick Redmond na Heike Schmidt, na katika vinywa vya watu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa katika maeneo ya vita kukusanya masimulizi ya wazee. Wazee waliosema nao walikuwa watoto au vijana wakati wa vita. Hakuna tena wa kuulizwa katika hao. Wanaosimulia sasa pale chini ya Matogoro wanasimulia walichosimuliwa.